Visu Viwili na Tik Moja

Asubuhi ya mtihani, wenzake wote walikuwa wakiomba visu vyao vipinde. Fundi Saa peke yake alikuwa akiomba chake kivunjike. Ukimwona mtu anaomba hasara yake mwenyewe, jua kuna kubwa zaidi nyuma yake, na kubwa la Fundi Saa lilikuwa binti yake.

Huyu bwana ametengeneza saa miaka thelathini katika kibanda kilichobanwa kati ya duka la viatu na ngazi za benki, chembamba kiasi kwamba akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili. Watu walipoanza kutupa saa mbovu badala ya kuzipeleka kwa fundi, akabaki na mikono yenye ustadi isiyo na kazi. Ndipo akaingia kwenye visu. Mkoa mzima una watengeneza visu kama arobaini. Wengine wanakula kwa kazi hiyo, wengine wanajifurahisha tu: yupo daktari wa meno, yupo dereva wa lori, yupo mwalimu wa hesabu aliyestaafu. Kila baada ya miezi mitatu wanakutana katika karakana ya chuo cha ufundi, wanaonyeshana vyuma na kusengenyana mipini. Wanajiita Vidole Kumi, ingawa dereva wa lori ana tisa. Cha kumi kilikwenda siku kisu kilipomkatikia penye mpini, naye huwaambia wageni kwamba yeye analipa ada nusu.

Anayewafundisha wageni ni Bi Tupa, mwanamke mkavu wa miaka sabini, aliyepewa jina kwa sababu ya tupa ya kusugulia chuma isiyomtoka mkononi. Kanuni yake moja haina mjadala. Kisu kikishaiva kwa moto hadi kiwe chekundu, kinazamishwa kwenye mafuta kikiwa peke yake, na mzamishaji anafunga mdomo na kusikiliza. Ukisikia "tik", sauti ndogo kama ukucha juu ya kioo, chuma kimepasuka. Hata usipouona ufa, siku hiyohiyo unakibana na kukivunja mwenyewe. Huruma haina nafasi hapo.

Fundi Saa alizamisha viwili. Gesi ya tanuri ilikuwa inaisha, akavifunga kwa waya mmoja, cha mtihani na cha zawadi, akavitia pamoja. Tik ikalia, moja tu. Alisimama na koleo mkononi, mafuta yakifuka moshi, akajiambia ni waya. Kisha akajiambia ni koleo. Alivikagua vyote viwili kwa lenzi yake ya saa, hakuona kitu. Basi akatia pamba masikioni. Kuvivunja maana yake ilikuwa kukosa mtihani wa kupinda kisu bila kukivunja, aliousubiri miaka minne, na kumwendea mikono mitupu binti yake aliyekuwa ametoka kupandishwa kuwa mpishi mkuu wa hospitali. Alipomaliza kukitia mpini, alimpelekea kisu kizito cha kukatia mifupa. Binti akakibusu bapani, akasema hatashika kingine.

Tangu siku hiyo hofu ikahamia kibandani. Wiki tatu nzima kila simu ikilia roho inamruka. Anakaa mbele ya saa iliyofunguliwa, lakini anachokiona ni kipande cha chuma kikichomoka juu ya ubao wa kukatia na kwenda moja kwa moja kwenye jicho la mwanawe. Mara nne alimpigia ili amwambie, na mara nne akaishia kuuliza habari za mguu wa mkwewe. Mkewe alichoka na kugeukageuka kwake kitandani, akamwambia kama ni mwanamke mwingine amtaje tu, watu walale. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo tunavyosema, lakini huyu alikuwa anaficha maradhi yaliyo mwilini mwa mwingine. Hapa mtu unatamani umzabe kofi.

Mwishowe akapata njia ya mwoga: mtihani wenyewe uamue. Kisu cha mtihani kikivunjika, basi ufa ulikuwa humo, na cha binti ni kizima. Kikipinda, basi. Wazo hilo hakulimaliza.

Bi Tupa akaibana ncha ya kisu kwenye jiliwa, kile kibano kizito cha mezani, akavaa miwani ya kazi, akachomeka bomba refu kwenye mpini na kuanza kuvuta. Bapa likainama kidogo. Likainama tena. "Vunjika," Fundi Saa alikuwa akinong'ona, "vunjika, nakuomba." Daktari wa meno, aliyesimama kando yake, alidhani woga umemvuruga mzee wa watu, akamshika bega na kumwambia atulie, kitapita. Kweli kikapita. Kikapinda mpaka pembe mraba, kama goti la mtu aliyeketi kitini, bila ufa hata wa unywele. Karakana nzima ikapiga makofi. Bi Tupa, asiyesifu mtu, akagonga alama ya Vidole Kumi kwenye bapa na kusema chuma hiki kimepikwa na mtu mwenye subira.

Fundi Saa hakuyasikia hayo. Alikuwa anabonyeza namba ya binti yake. Ilikuwa saa nne na nusu, saa ya kuandaa nyama ya wagonjwa. Simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikapokelewa na dada mmoja wa jikoni, akamwambia bosi wake ana kazi, apige baadaye. Nyuma ya sauti yake kulisikika ko, ko, ko, chuma juu ya mfupa.

"Mwambie aweke kisu chini," akasema Fundi Saa. "Sasa hivi, mwanangu. Mwambie baba yake amesema."

Ko, ko. Makofi karakanani yalikuwa yamekwisha, na watu wote walikuwa wakimtazama. Ko. Kisha kimya.

"Baba? Nimekiweka. Kuna nini?"

Hapo akalia mbele ya watu. Akamweleza yote, waya na mafuta na ile tik, akamsihi asikitumie tena, akifunge kwenye kitambaa kinene, anakuja kukichukua mwenyewe. Sauti hakuipunguza. Bi Tupa aliyasikia yote, akaichukua tupa yake, akainamia kile kisu kilichopinda na kuanza kuisugua ile alama mpaka itoke.

Binti alimsikiliza hadi mwisho.

"Baba," akasema, "hiyo sauti uliisikia kabla hujanipa kisu, au baada?"

"Kabla, mama," akasema Fundi Saa.