Kopo la Dawa Lisilopungua

Admin, nifiche kabisa, mume wangu husoma ukurasa huu.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, nauza mahindi na maharagwe sokoni hapa Kitale. Mume wangu ni mtu wa Bumula, na aliponioa alikuwa amefiwa na mke. Miaka sita sasa hatuna mtoto. Maneno ya watu nimeyazoea, lakini kila hedhi ikija bado nalia.

Mapema mwaka huu nilienda kwa daktari wa Ayurveda, ile tiba ya Kihindi. Aliniuliza kuhusu usingizi, choo, hedhi, hata hasira zangu, na hasira ninazo. Akanipa kopo la unga wa mizizi, kijiko kimoja kwa maziwa moto na samli kila asubuhi. "Hii ni ya siku thelathini," akasema. "Ukishika mimba, acha kwanza uje unione."

Mama mkwe akaja kunisaidia. Ananipenda, nisidanganye. Kila asubuhi yeye ndiye huchemsha maziwa, anakoroga dawa, anasimama hapo mpaka nimalize.

Sasa, mimi riziki yangu ni gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka, na kwa vipimo hunidanganyi. Siku ya thelathini nilifunua kopo nikalikuta nusu. Siku ya arobaini, bado nusu. Na ule unga mweupe ulikuwa umeanza kuwa wa kijivu.

Asubuhi moja nilirudi kuchukua aproni niliyosahau, nikamkuta jikoni anamimina kitu kutoka kwa kitambaa ndani ya kopo. Hata hakushtuka.

"Hii ya Wahindi pekee haina nguvu, mwanangu. Naongezea ya kwetu."

"Ya kwetu ni gani, Mama?"

"Ile mama yangu aliniachia. Hata marehemu nilimpatia, na alishika haraka."

Alishika, ndiyo. Huyo marehemu ni mke wa kwanza wa mume wangu. Alikufa akitokwa damu, mimba ikiwa ya miezi mitano.

Nilipomwambia mume wangu, alicheka. "Ati mama akuwekee kitu mbaya? Si anataka mjukuu, bana!" Na hapo ndipo nachanganyikiwa, kwa sababu ni kweli anamtaka.

Jana nilijipima kwa siri kwenye choo cha sokoni. Mistari miwili. Nililia kwa furaha, kisha nikamkumbuka marehemu, nikaogopa. Sijamwambia mtu yeyote.

Leo asubuhi Mama ameweka vijiko viwili. Nikamuuliza mbona. Akanishika tumbo, akatabasamu.

"Si sasa mko wawili?"

Nimemwambia acha yapoe kidogo. Amekaa mlangoni ananingoja huku nikiwaandikia. Nikikataa na mimba iharibike, watasema ni mimi nimeiua. Na je, kama ni dawa yake ndiyo imenipa huyu mtoto? Wamama mlio na uzoefu, niambieni upesi la kufanya. Maziwa yanapoa.