Jeneza Fupi la Mama

Fundi Jicho hakuwahi kumpima mtu kwa futi. Futi aliwaachia mafundi wengine, wale aliowaita wa kubahatisha. Yeye alikutazama mara moja tu, akajua urefu wa kitanda chako, na ukibisha alikwambia, "Lala uone. Kidole gumba kikitokeza nje, nakupa na godoro bure." Hakuna aliyewahi kupata hilo godoro. Ndiyo maana wakamwita Jicho, na jina lenyewe alilivaa kama wenzake wanavyovaa suti.

Kisha ugonjwa ukaingia mtaani. Vitanda vikaacha kuagizwa, yakaagizwa majeneza. Milango ikafungwa kutwa. Hata wale watoto watundu waliokuwa wakipiga mpira kwenye mbao zake, aliokuwa akiwafukuza kwa matusi ya kuchekesha, walifungiwa ndani. Jicho akajikuta amewakumbuka. Hakumwambia mtu. Alibaki na msumeno na utani wake, na wa kucheka nao walikuwa wanazidi kupungua.

Halafu mama yake akaugua.

Mama alilala chumba cha nyuma, kinachopakana na karakana. Dada yake Jicho ndiye aliyemuuguza, na kila asubuhi alimsomea Biblia kwa sauti. Mama alitaka palepale kila siku, pale nabii aliposema na watu waliorudi kwenye mji uliobomolewa: kwamba wazee wa kiume na wa kike wataketi tena barabarani, kila mmoja na mkongojo wake kwa kula chumvi nyingi, na watoto watajaa njiani wakicheza.

"Dada, huyo nabii mtaa huu hajapita," Jicho alipaza sauti kutoka upande wa pili. "Angepita, angeagiza jeneza."

"Koma wewe! Mama anasikia."

"Asikie. Akicheka atapona."

Mama hakucheka.

Muuguzi alipokuja, alimtazama mgonjwa, akamvuta Jicho pembeni, akamwambia ajiandae. Neno hilo tu. Jicho alikwenda akasimama mlangoni kwa mama yake, akamtazama alivyojilaza chini ya shuka. Jicho lake likapima lenyewe. Wala hakulituma.

Dada alipokwenda sokoni, Jicho alizitoa mbao zake bora, alizokuwa akizitunza miaka kwa ajili ya kabati la bwana harusi atakayejitokeza. Akapiga randa, akapiga msasa mpaka mbao zikateleza kama sabuni. Mama yake hatazikwa kwenye mbao za haraka, alijiambia. Alipomaliza, akalifunika jeneza kwa turubai nyuma ya karakana.

Siku chache baadaye alikuwa anachonga mguu wa meza aliposikia turubai likivutwa. Akadhani paka.

"Toka huko, mshenzi!"

"Nani mshenzi?"

Jicho aligeuka. Randa ikamponyoka ikamwangukia mguuni, na wala hakusikia maumivu. Mama yake alikuwa amesimama peku, ameshika ukuta, shuka begani. Homa ilikuwa imemwachia alfajiri, akaamka mwenyewe kutafuta maji.

"La nani hili?"

"La... mteja."

"Mteja gani?"

Mtu aliyezoea kuwaambia wateja "njoo kesho" bila kupepesa macho, hapo akanyoosha mkono kulifunika tena. Mama akaketi kwenye ukingo wa jeneza, akainua mguu mmoja, akainua wa pili, akalala ndani.

"Mama! Mama, toka humo!"

Dada mtu akatokea na bakuli la uji. Bakuli likaenda chini.

Mama alijaribu kujinyoosha. Kichwa kiligonga huku, nyayo zikabaki nje kule, zinaning'inia.

"Fupi," akasema.

"Haiwezekani."

"Godoro langu liko wapi?"

Jicho akazitazama zile nyayo za mama yake kama mtu aliyeona mzimu. Tangu aanze ufundi hakuwahi kukosea.

"Ulinipima nimejikunja, mwanangu," mama alisema akiwa bado amelala mle. "Ukanihesabia nimekwisha."

"Muuguzi ndiye aliyesema..."

"Muuguzi sikumzaa mimi. Kila asubuhi nasomewa kwamba nitakaa barabarani na mkongojo. Wewe ni fundi, uko hapo hapo ukutani, unasikia kila neno. Badala ya kunichongea mkongojo, unanichongea hiki?"

"Yale ya nabii nilikuwa natania tu, mama."

"Mimi sikuwa natania."

Jicho alikaa chini kwenye maranda. "Na kama ungekufa?"

"Ningekufa nangoja. Siyo nimeshapimwa. Haya, niinueni, mgongo unauma. Na hiki kitu kikatekate."

Akakikatakata. Msumeno ukaenda upogo kama wa mwanagenzi. Likatoka benchi moja na mkongojo mmoja. Mama akalitaka benchi nje, barabarani kabisa, akaketi. Hakukuwa na mtu. Pazia moja likacheza, na jingine. Dirishani mtoto akabandika pua kwenye kioo, mpira kwapani.

Mlango wa nyumba ya ng'ambo ukafunguka. Alikuwa jirani yao, mzee mshona viatu, ambaye tangu amzike mkewe hakuwa ametoka. Alisimama mdomo wazi.

"Mama Jicho? Si tulisikia..."

"Mlisikia kwa Jicho. Jicho halioni vizuri siku hizi. Kaa, shemeji. Kaa mwisho kule, tusiambukizane."

Mzee akaketi, akalipapasa benchi. "Mbao nzuri hizi. La nani?"

"Langu. Nilipimiwa mimi."

Mzee hakuelewa, akatikisa kichwa tu. Akautazama mkongojo wa mama. "Na mimi nichongewe huo."

Jicho, kwa mazoea, akamtupia mzee jicho mara moja, akafungua mdomo. Mama akakohoa kidogo. Jicho akaufunga mdomo, akaingia karakana, akafukua maranda mpaka akaiona futi, imeshika kutu.

"Simama, mzee wangu," alisema akirudi. "Simama wima. Nyooka kabisa."