Komine

Kuna neno moja linanikasirisha mpaka leo: komine. Kwetu Burundi, komine ndiyo serikali inayofika mlangoni kwako. Kigoma wanasema kata, tarafa, wilaya, na mimi nilikuwa nimeyakariri yote, maana shangazi yangu wa Gungu aliniandikisha shule kama binti yake, Muha wa kuzaliwa. Ningejulikana ni mkimbizi, ningerudishwa kambini na kidato cha sita kingeishia hapo. Kiha na Kirundi vinafanana, basi lafudhi haikunisumbua. Maneno kama hili ndiyo niliyoyaogopa.

Jumamosi moja tulikaa darasani, watu wanne, kwenye diskasheni ya historia. Swali lilihusu mashamba ya pamoja ya Urusi. Aliyetuandikia hoja alikuwa kijana wa Ujiji, ambaye baba yake ana shamba la mihogo Simbo. Akasema wale makulaki, wakulima waliokuwa na kauwezo kidogo, walikuwa kupe tu, walistahili kufukuzwa.

"Kupe kwa ng'ombe wawili?" nikamwuliza. Damu ilishanichemka. Nikaeleza jinsi watu wa komine wanavyokuja asubuhi na orodha, na jirani uliyempa mbegu ndiye anayewaonyesha nyumba. Mama anafunga unga kwenye kitenge. Baba anarudi zizini kuwafungulia ng'ombe, wasije wakafa njaa kwenye kamba. Nilipomaliza ndipo nikasikia nilichokisema. Nikasubiri niulizwe komine ni nini.

"Komyuni," kijana akajisemea, akiandika. "Komyuni za Urusi."

Msichana niliyekaa naye dawati moja alikuwa anafuta macho. "Dah, Warusi wameteseka jamani. Umeyasoma kitabu gani?"

Nikamjibu nimesahau. Nilikuwa nimepona, na bado nilikuwa na hasira, kwa sababu machozi yale yalikuwa yetu na yalikuwa yanapelekwa Urusi.

Kijana akaanza kukusanya vitu vyake. Alisema anawahi Simbo kusimamia vibarua wa baba yake. "Kuna kikimbizi kimoja pale, kizee, kivivu balaa. Kikilima kidogo tu, kinashika kiuno."

Kizee. Kinashika. Nilimjua mzee huyo na nilikijua kiuno chake. Mwezi uliopita, alipokuja Gungu kutoka shamba hilo hilo, nilikikanda kwa maji ya moto.

"Huyo ni baba yangu," nikasema. "Wale ng'ombe wawili walikuwa wake. Mrusi uliyemwandika humo ndiye anayelima mihogo yenu."

Msichana akasogeza kiti chake kidogo. Kijana alinitazama, akakaa tena, akafungua daftari. Nilidhani ataandika komine vizuri. Akachukua rula na kuikata ile aya yangu mstari kwa mstari, taratibu, ili daftari lisichafuke.

"Hiyo basi siyo historia," akasema.