Mikono Tu, Uso Usitoke

Nilikuwa na filamu mbili kwenye flashi moja, na kijana wa kuendesha projekta alikuwa amenyoosha mkono akiingoja.

Tulikuwa Mikumi, kwenye ukumbi mdogo nyuma ya gesti iliyo kando ya barabara kuu. Kikundi cha vijana wa pale kilikuwa kimetualika sisi tunaotengeneza filamu fupi tuje tuonyeshe. Mapazia yalikuwa yamefungwa kuzuia jua la mchana, na kila lori lilipopita chupa za soda zilitetemeka mezani. Baba na mama walikaa safu ya pili. Baba alivaa kanzu aliyoipiga pasi mwenyewe, kwa sababu aliwatangazia msikitini kwamba binti yake anaonyeshwa kwenye turubai. Hakujua filamu inahusu nini hasa. Mama alijua, lakini alijua moja tu kati ya zile mbili.

Kwetu ni Chanzuru, nje kidogo ya mji wa Kilosa. Mimi nimepanga chumba Magomeni, mjini, ninapiga picha za pasipoti na kuchapa barua za watu. Kupiga filamu nimejifunza mwenyewe, kwa simu, kwa kutazama video za mtandaoni. Nina ugonjwa wa kurudia. Hata ujumbe wa kumwambia mteja picha zake ziko tayari naufuta na kuuandika upya hadi mteja anatokea mlangoni bila kuitwa. Naogopa kumaliza kitu, kwa sababu kikishaisha watu wanaweza kukisema.

Mama yangu anachora ukutani kwa udongo. Kwenye nyumba za udongo wanawake husiriba kuta kila Idd inapokaribia: unakanda udongo laini, unaupaka kwa kiganja hadi nyufa zifunikwe. Wengine huishia hapo, ukuta ukiwa laini. Mama huanzia hapo. Ukuta ukingali mbichi anachovya vidole kwenye udongo mweupe wa korongoni, mwekundu wa kichuguu, na masizi ya chungu, anavuta mistari. Ndege, majani ya mahindi, nyayo za ng'ombe, na vitu visivyo na jina ambavyo ukivitazama unasikia kama mtu amekuita. Nilipokuwa mdogo nilidhani mama wote wako hivyo.

Zamani, kabla sijazaliwa, alichora ukuta wa mbele wa nyumba yao ya kwanza, unaotazama njia. Haukupita muda akaja mwanamke kutoka Msowero, amebeba mgongoni mtoto mwenye homa.

"Hodi kwa mganga!"

Baba alitoka na sahani ya chakula mkononi. "Mganga gani?"

"Si wewe? Nimeelekezwa nyumba yenye michoro."

Baba aliwapakia kwenye baiskeli akawapeleka zahanati. Mtoto alipona. Ila habari ilifika msikitini kabla ya baba, na Ijumaa ile watu walimsalimia kwa kubana vicheko. Hakumgombeza mama. Alimwambia tu, "Mke wangu, ukuta uwe ukuta." Mama akausiriba siku ile ile, wote, akafunika.

Tangu hapo akawa anachora jikoni, ndani, nyuma ya mlango. Baba alipojenga nyumba ya matofali na kuipaka rangi ya krimu, jiko lilibaki lile lile la udongo uani. Baba haingii jikoni. Wanaume wa kwetu hawana kazi humo. Mama alichora, na akisikia mawifi wanakuja, anasiriba juu yake. Nimemwona akifuta kazi ya wiki nzima huku wali ukiungua, na kilicholaumiwa ni wali.

Mwaka huu baba aliamua kumjengea jiko la kisasa. Matofali, jiko la gesi, vigae hadi juu. La zamani lingebomolewa mara jipya likiezekwa. Majirani walikuja kumpongeza.

"Shoga, wewe umepata mume! Sisi wetu wanajenga mabanda ya kuku."

"Alhamdulillah," mama alisema, akacheka nao. Walipoondoka aliendelea kuchambua mchicha kwa muda, kisha akaniambia kwa sauti ndogo, "Vigae havishiki udongo."

Angesema nini? Mwanamke gani analalamika kwa sababu mume wake anamtoa kwenye moshi? Ila mimi nilijua kwamba ukuta ule ndio pekee aliobakiwa nao, na ukienda, na kile kitu kilichomo ndani ya mama kitakosa pa kutokea. Nikamwomba nimpige filamu kabla halijabomolewa. Alifikiri hadi nikaanza kujutia kuuliza.

"Mikono tu," alisema. "Uso usitoke. Na baba yako asijue ni mimi."

Baba aliponiuliza filamu ni ya nini, nilimjibu ni ya majiko ya udongo, naanzia na la kwetu. "Hilo la zamani?" akashangaa. "Si ungesubiri jipya, lina vigae!"

Nilipiga asubuhi, mwanga ukiingia kwa pembeni kupitia dirisha dogo. Nilimtesa. "Mama, subiri kidogo. Mama, rudisha mkono." Mara ya tatu akagoma.

"Ukuta ukikauka sichori. Utapiga hicho kilichopo."

Nikaendelea kupiga, nikiwa na hasira kwa sababu kila kitu kilikuwa nje ya mpangilio wangu. Karibu na mwisho mama alirudi nyuma hatua moja kuutazama ukuta, akaingia mwenyewe kwenye picha. Ana doa jeupe la udongo kwenye nyusi. Mdomo umeachama kidogo. Sijawahi kumwona mama na uso ule, si harusini, si kwenye Idd. Ni uso wa mtu aliyefika kwake. Ndiyo picha bora niliyowahi kupiga, na niliahidi isionekane.

Ndipo zikatoka filamu mbili. Moja ya mikono. Moja inayoishia na uso. Nilihariri zote hadi simu ikapata moto mkononi, nikijidanganya kwamba nitaamua nikifika Mikumi.

"Dada, ipi?" aliuliza yule kijana wa projekta.

Nilimgeukia mama. Alikuwa ameiingiza mikono yote chini ya khanga, kama mtu anayesikia baridi, na ukumbi ulikuwa wa moto.

"Ya kwanza," nilisema. "Ya mikono."

Ilipoanza watu waliacha kunong'ona. Vidole vya mama vilijaa turubai zima. Udongo mweupe ukapita juu ya mwekundu, ndege akatokea pasipo na kitu, kisha mwingine. Mtu nyuma yangu alivuta pumzi. Mimi nilikuwa nahesabu makosa: mwanga umeruka hapa, hapa nimekata mapema. Mwisho ulipofika walipiga makofi, na si yale ya heshima.

Mshereheshaji akaniita mbele. "Fundi wa kazi hii ni nani? Tumpigie makofi na yeye."

"Ameomba asitajwe."

"Basi ni jini!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

"Jini gani ana unga wa ugali kwenye kucha?" mwingine akamjibu.

Ukumbi ukacheka. Mama mmoja mnene wa safu ya mbele akainua mkono. "Mwacheni jamani. Huyo ana mume!"

Hapo walicheka hadi wengine wakapiga meza. Mama naye alicheka, mikono bado chini ya khanga. Baba hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama mapajani mwa mama.

Nikaelewa. Kidole gumba cha kushoto cha mama kimepinda. Mchi ulikivunja akiwa msichana. Nilikuwa nimekagua filamu ile kila sekunde, nikihakikisha hata kivuli cha uso wake hakimo, na kidole kile kilikuwemo mwanzo hadi mwisho, kikubwa kuliko kichwa cha mtu. Sikukiona kwa sababu nimekizoea. Baba alikizoea kuliko mimi. Kidole kile ndicho kimemwandalia chakula tangu walipooana.

Jioni tulifikia kwa mjomba, kaka yake mama anayeishi hapo Mikumi. Baba alikula, akashukuru, akaswali, akalala. Asubuhi, tukiwa kwenye chai na mihogo, aliweka kikombe chini.

"Kumbe hukuacha."

"Sikuacha," mama alisema.

"Unachora, halafu unafuta."

"Nafuta."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema ukuta uwe ukuta, Baba watoto."

Mjomba akaanza kunyanyuka kutupisha, baba akamwashiria akae. "Watu wasiokujua walipiga makofi," alisema. "Mimi ninayekula kwa mikono ile sikujua ya kwangu niiweke wapi. Nimekaa pale kama mgeni." Alivuta pumzi. "Basi. Jiko la zamani tutaliacha. Nitamwambia fundi asiliguse."

Nilishusha pumzi. Kichwani nilishaanza kupanga picha ya mwisho: jiko limesimama, jua linazama nyuma yake.

"Hapana," mama alisema. "Libomoe. Moshi umenimaliza macho."

Nilidhani sikusikia vizuri. Baba naye. "Sasa unataka nini?"

Mama alitoa mikono chini ya khanga, akaiweka juu ya meza, kidole kilichopinda na vyote. "Ukuta wa mbele."

"Wa nyumba?"

"Wa nyumba. Unaotazama njia."

"Watakuja tena na watoto wagonjwa!"

"Wakija, baiskeli si bado unayo?"

Mjomba alipaliwa na chai. Baba hakutabasamu. "Tutaongea nyumbani," alisema, akamalizia chai yake.

Jiko lilibomolewa. Nilikwenda siku ile, nikamkuta mama anaokota vyungu kwenye kifusi. Jiko jipya lilikuwa linang'aa vigae, zuri, halina pa kugusa. Baba hakuwepo uani. Nilimsikia upande wa mbele, anagonga kitu.

Alikuwa amepiga magoti kando ya mlango, ana patasi na nyundo. Alishakwangua rangi ya krimu sehemu yenye upana wa mkeka, sasa anachimbachimba lipu ili iwe na makwaruzo. Vumbi limemjaa ndevu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kunitazama.

"Kwenye rangi udongo haushiki," alisema. "Mwambie mama yako aanze na hapa. Hapa tu kwanza. Tusikie watu watasemaje."

Mama alikuja na beseni la udongo. Alitazama sehemu ile, akatazama ukuta wote uliobaki na krimu yake, nikaona anaupima. Kisha akaanza kusiriba. Nilitoa simu. Jua lilikuwa kali na kivuli changu kiliangukia ukutani, nikajua picha haitafaa. Sikumwambia arudie.

"Rudi nyuma kidogo," mama alisema bila kugeuka. "Hapo unapata mikono tu."

Nikarudi nyuma.

Baba alikuwa ameleta kigoda akakiweka ukingoni mwa njia, akakaa, mgongo kwa ukuta, ili kila apitaye akutane naye kwanza. Hakuwa ametulia. Alikuwa anapangusa goti ambalo lilishakuwa safi. Wa kwanza kutokea alikuwa jirani mmoja, kijana wa msikitini, anasukuma baiskeli yenye gunia la mahindi. Alipunguza mwendo, akakodoa macho.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Kuna nini hapo ukutani?"

Baba aliacha kupangusa goti. Nyuma yake vidole vya mama vilisimama, na udongo ulikuwa unakauka.

"Mke wangu anachora," alisema.