Kiwashe Nione

Fundi wa simu hafungui kishikwambi cha mtu kabla ya kumrudishia mwenyewe na kumwambia, "Hebu kiwashe nione." Wateja husimama, maana kiti cha pili kibandani kimejaa bisibisi na vioo vilivyopasuka. Fundi haangalii kioo, huangalia mikono ya mteja. Anayebonyeza kwa hasira huambiwa, "Nunua kipya, utajisumbua bure." Anayefuta vumbi kwanza hutengenezewa. Akishasema amesema, hata umpigie magoti.

Mchana mmoja aliyefuata kwenye foleni alikuwa mkewe, na kishikwambi kikuukuu mkononi.

"Kinatengenezeka, au ninunue kipya?"

"Hebu kiwashe nione."

Mkewe alikikumbatia kifuani mpaka kikapata joto, akabana pembe moja kwa kidole gumba, kisha akakipigapiga mgongoni taratibu kama anayembembeleza mtoto alale. Kikawaka.

Fundi alikohoa. "Kimeanza lini hivi?"

"Mwaka jana. Kila nikija nakuta foleni."

 Safari hii fundi alizoa bisibisi zote kutoka kwenye kile kiti, akakifuta kwa mkono wa shati lake, akamsogezea.