Sukari Mara Mbili

Mgeni akifika mjini kwetu na kuuliza wapi atapata chakula cha maana, usimpeleke kwa wale wanaosifia hoteli kwa sababu ya taa zake. Mpeleke kwa wifi yangu, mke wa kaka yangu. Jina lake halisi watu wameshalisahau. Wanamwita Mama Povu, kwa kuwa anatengeneza bia nyumbani, uani, katika chumba kilichokuwa cha kuku. Kibali chenye mhuri kimetundikwa ukutani, msije mkasema. Hampi mwenye hoteli chupa zake mpaka ale kwake kwanza. Huingia kama mteja yeyote, hukaa meza ya karibu na mlango wa jikoni, huagiza supu, na huangalia kucha za mpishi. Supu ikiwa ya jana, anaaga kwa adabu na harudi tena. Kwa miaka sita amekula karibu kila kona ya mji huu, na ni mahali patatu tu palipopata bia yake.

Mimi ninaishi nao, chumba cha mbele, nashona sare za shule. Kaka ndiye anayechemsha kimea, wifi ndiye anayejaza chupa. Bia ikishamaliza kuchachuka hutiwa sukari kidogo kabla ya kujazwa, na sukari hiyo ndiyo inayoleta gesi ndani ya chupa. Ikizidi, gesi inakosa pa kwenda na chupa inapasuka. Sukari hutiwa na yeyote aliyetangulia kuamka. Akishaitia anapaza sauti, "Sukari imeingia!" na mwenzake anaitikia, "Nimesikia!" Hawaandiki popote. Kelele hizo mbili ndizo daftari lao.

Sasa kuna wakati walinuniana. Kaka, mdomo wake hauna breki, alisema mbele ya wageni kwamba supu ya mjane mwenye kihoteli pale chini ya ngazi, mmoja wa wale watatu wanaouza bia yetu, inaishinda ya mke wake mbali. Ni kweli, lakini kuna kweli za kusema na kuna za kumeza. Ikawa "mwambie kaka yako" huku na "mwambie wifi yako" kule, mpaka nikawaambia mimi si tarishi wa mtu. Asubuhi ya kujaza chupa nilimwona kaka akitia sukari, kimya. Nikaenda kuchota maji. Niliporudi nikamwona wifi amefungua kopo lile lile. Nilijiambia labda anapima tu. Hapana, niseme ukweli: nilishuku, nikaona uvivu kufungua mdomo. Nikarudi kwenye cherehani yangu.

Siku ya sita tulikuwa uani, wifi akifagia, mimi nikianika nguo, tukasikia mlipuko ndani ya kile chumba. Kipande cha kioo kilitoka mlangoni kikajikita kwenye nguzo ya kamba, usawa wa paji la uso wangu. 

"Wifi," nikasema, "kaka alitia sukari."

"Lini?"

"Kabla yako. Nilimwona."

Alinitazama. Ningependa anitukane, lakini hakunitukana. Alisema tu, "Nusu ya chupa ziko mezani kwa watu," akaingia ndani kuchukua simu. Kaka alikuwa ametoka tangu asubuhi, na simu yake ilikuwa kitandani inachajiwa.

Hoteli ya kwanza walipokea. Chupa zote ziko kwenye friji, hakuna aliyekunywa. Wifi akawaambia wasiziguse hata kwa kidole. Ya pili simu iliita mpaka ikakatika, na mjane hana simu. Tukachukua ndoo, blanketi na teksi.

Mpishi wa pale ni mtu wa utani, alipotuona akanyoosha mikono. "Mama Povu! Umekuja kula au kunikagua kucha?"

"Chupa zangu ziko wapi?"

Akaonyesha kwa kidole gumba. Chupa kumi na mbili zilikuwa kwenye rafu juu ya jiko, na chini yake sufuria tatu zinachemka.

"Zima moto," wifi akasema. "Toa watu."

Mpishi alianza kucheka, akauona uso wake, akaacha. Wifi alilowesha blanketi, akazifunika moja moja, akazibeba mpaka kwenye beseni la barafu nje, uso ameugeuzia pembeni. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika mlango tu. Chupa ya saba ilitoa mlio mwembamba alipoiinua. Alisimama, sote tukaacha kupumua, kisha akaendelea kutembea. Sijawahi kuogopa kitu kidogo namna ile.

Kwa mjane wa chini ya ngazi ilikuwa afadhali, maana pale pana baridi na meza ni tatu tu. Tuliwatoa wateja na supu zao mkononi, tukafunika kreti kwa blanketi bichi. Wifi akahesabu. Kumi na moja.

"Mama, hii moja umemuuzia nani?"

"Sijamuuzia mtu," mjane akajibu. "Mumeo alipita asubuhi hapa, amejuta huyo, ananuna juu ya supu kama mtoto. Nikampa chupa moja, nikamwambia kanyweni pamoja muache upuuzi. Kaitia kwenye mfuko wa koti, hapa." Akajigusa kifuani. "Akasema anapitia sokoni kununua samaki, halafu nyumbani."

Ilikuwa saa saba mchana, jua kali. Wifi hakuaga.

 Ndani ya teksi wifi alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, anamtazama kila mwanamume mwenye koti njiani. "Siku tisa sijamwita," akasema. Alisema hivyo mara mbili, wala hakuwa anasema na mimi.

Mlango wa nyumbani ulikuwa wazi. Kaka alikuwa jikoni, samaki kwenye kikaango, bilauri mbili mezani amezifuta zikang'aa. Alisimama dirishani na ile chupa ameiinua karibu na macho, anatazama kama bia imetulia. Mkono wa pili ulikuwa na kizibuo.

Nilitaka kupiga kelele. Wifi alinishika kifundo cha mkono, akanibana hasa nisimshtue kaka, kwa sababu mtu akishtuka anabana alichoshika au anakiangusha. Kisha akamwita. Alimwita taratibu, kwa jina wanaloitana wakiwa peke yao, ambalo sikuwahi kulisikia na sitaliandika hapa.

Kaka aligeuka. Akaiweka chupa mezani bila hata kuitazama, akaja kwa mkewe huku anatabasamu kama mjinga. Alikuwa amepiga hatua nne ilipopasuka.

Bilauri zote mbili zilikwisha. Dirisha lilipata ufa, na samaki wakajaa vioo. Kaka alisimama katikati ya jikoni, mgongo umelowa povu, anauliza, "Nini hiyo? Nini hiyo?"

 Wifi alikuwa anampapasa uso. Jicho la kulia, la kushoto, nyusi, masikio, akarudi tena jicho la kulia.

"Mke wangu, nisamehe kwa ile supu."

"Nyamaza. Fumba macho. Fumbua. Unaniona?"

"Nakuona."

"Sema tena."

Akasema tena. Hapo ndipo wifi alipokaa chini sakafuni, juu ya vioo vile vile, akalia kwa sauti.

Wamepatana, na bia inaendelea. Kaka anaamini ulikuwa uzembe wao wawili, na huwasimulia wageni kisa hicho huku anacheka. Wifi hajamwambia kwamba mimi niliona. Na mimi sijamwambia. Kila tukikaa mezani nafungua mdomo, kisha naomba nipitishiwe chumvi.