Déo na Jina la Ntoto

Saa moja asubuhi. Ukungu bado umelala juu ya mashamba ya maharagwe, na Déo anatua gunia la kilo hamsini mlangoni pa duka la Mama Kaswera, Nyabiondo, upande wa Masisi. Anafuta jasho, kisha mikono yake inafanya kama anayekama ng'ombe.

"Anasema hii inatoka Bihambwe," Mama Kaswera anamweleza mgeni.

Déo, mbeba mizigo wa miaka thelathini na minne, hajawahi kusikia wala kusema. Lugha yake ya mikono waliitunga wawili, yeye na mama huyu mfanyabiashara kutoka Butembo, kwa miaka tisa. Kila mahali alipofika walipapa jina: Bihambwe ni kukama, kwa sababu ya malisho, soko la Masisi ni mabega yanayosukumana.

Mwaka jana, watu walipokimbia mapigano, Déo alipotezana na mama yake, Joséphine-Marie. Alimtafuta wiki tano. Ndipo mwendesha pikipiki aitwaye Valens akaleta habari dukani: mama huyo yuko Ntoto, upande wa Walikale.

Déo hakuwahi kufika Ntoto. Hawakuwa na jina lake.

"Nilionyesha pori, akatikisa kichwa. Nilionyesha njia, akatikisa tena. Machozi ikaanza kumutoka," anakumbuka Mama Kaswera. "Njo nikafungua bido ya mawese yenye Valens alitoa kule Ntoto, nikamupaka mafuta ku kiganja. Nikafanya ishara ya mama yake, nikaonyesha ile mafuta, kisha Valens mwenye aliileta."

Déo alikitazama kiganja chake. Akamtazama Valens. Kisha akapanda pikipiki, hata kofia hakuichukua.

Walimkuta mama akimenya mihogo nyuma ya kanisa.

"Mutoto wangu, nani alikuambia?" alilia, akiinua mikono kuuliza. Déo akamfunulia kiganja.

Leo mama yuko nyumbani Nyabiondo, na Déo hapiti duka hilo bila kuweka mkono kifuani kumshukuru Mama Kaswera.

Lakini kule Ntoto alikutana pia na Naomie, msusi wa vikapu asiyesikia kama yeye, mwenye ishara zake mwenyewe za milima na mito. Mavuno yakiisha, Déo anataka kurudi wapatanishe majina yao, kila mahali pawe na moja.

Mama Kaswera anatafsiri hayo, kisha anaangua kicheko.

"Anasema ni juu ya majina," anasema. "Lakini ameisha nunua shati mupya."